Jicho la Tatu

Mwenzetu kaanza kutafakari. Leo siku ya nne, na tayari anatutangazia kwamba jicho la tatu limefunguka. Hongera, shoga! Yale mawili ya kuzaliwa nayo hayakuuona wali ukiungua juzi. Labda hili litasaidia.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kusimulia: kaa mkekani, nyoosha mgongo, fumba macho, hesabu pumzi. Nami nilijaribu. Pumzi ya kwanza, salama. Ya pili, mbu. Ya tatu nikakumbuka deni la mama ntilie, utulivu ukaondoka bila kuaga. Eti mawazo yaachwe yapite kama mawingu. Yangu yanapita kama daladala za jioni: yanasimama, yanashusha, yanapakia.

Wamarekani nao walijaribu, tena kwa fedha za serikali. Tangu miaka ya 1970 majasusi na jeshi lao waliweka watu wa kukaa kimya na “kuona” mambo ya mbali, baadhi yao katika kambi ya Fort Meade, Maryland. Zikateketea dola kama milioni 20. Mwaka 1995 mradi ukafungwa, wakaguzi wakisema haujawahi kuwafaa majasusi kitu. Laiti ningekuwapo siku waonaji walipopewa habari, niwahesabu walioshtuka.

Pumzi zenyewe sizibezi; usingizi wake mtamu ajabu. Lakini shoga, ukishamaliza kutazama ya kesho, tupia jicho mita ya umeme. Uniti zimebaki mbili.