Sifa za Kirusi wa Flashi

Kirusi wa kompyuta hajapata mtetezi. Kila anayemtaja humlaani, na mafundi wanaokula kwa jasho lake ndio wanaomtukana zaidi. Leo nimejitolea kumsemea.

Kwanza, hana ubaguzi. Nenda steshenari yoyote iliyo jirani na chuo, wiki ile ya kukusanya ripoti. Mwanafunzi anamkabidhi dada wa pale flashi yake, nayo inachomekwa kwenye kompyuta ileile iliyopokea flashi za mtaa mzima tangu asubuhi: ya katekista mwenye ratiba ya ibada, ya katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, ya kamati ya harusi. Kirusi anawasalimu wote sawasawa. Mwanafunzi akifika bwenini, anakuta folda zake zina majina yaleyale na unjano uleule, ila kila moja imeota mshale mdogo kwenye kona ya chini kushoto, na ukubwa wake umeshuka hadi kilobaiti moja au mbili.

Hapo ndipo utu wake unapoonekana. Huyu wa mishale kwa kawaida hafuti kitu. Kazi zako amezificha tu zisionekane, na mlangoni amesimamisha njia ya mkato yenye jina lilelile. Ukiibofya, anakufungulia folda halisi, karibu ndani, na papo hapo anajinakili kwenye kompyuta unayoitumia. Watumishi wetu wangapi humaliza kazi mbili kwa mbofyo mmoja? Lakini binadamu hana shukrani. Akiona mishale anashtuka, anafomati flashi, halafu anamlaumu kirusi kwa kupotea kwa ripoti ambayo amri moja fupi ya attrib ingeifichua yote.

Ukoo wake nao ni wa wastaarabu. Mwaka 1986, mjini Lahore, Pakistan, ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, walimtengeneza kirusi aitwaye Brain, na ndani yake wakaandika majina yao, anwani yao na namba za simu. Hawa matapeli wa siku hizi wa “ile hela tuma kwenye namba hii” namba wanatoa. Nyumbani kwao hawakuelekezi.

Halafu akaja WannaCry, tarehe 12 Mei 2017. Alifunga mafaili ya watu, akadai dola 300 kwa bitcoin, akatoa siku tatu kabla ya kupandisha bei mara mbili, na maelezo akayaandika kwa lugha 28. (Kiswahili hakimo. Namsifu, lakini hapo alituonea.) Wala hakumvizia mtu: Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha kuziba tundu alilopitia tangu Machi. Waliobofya “nikumbushe baadaye” miezi miwili mfululizo, alikuja kuwakumbusha.

Ila mahali anapostahili nishani hasa ni ofisini. Kijana wa TEHAMA ameandika waraka mara ngapi? Tunzeni nakala tatu za kila kazi muhimu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo hili. Waraka ukasainiwa na kubandikwa ubaoni, pembeni ya tangazo la msiba. Diski ya nje ilikosa fungu, antivairasi iliisha muda tangu mwaka wa fedha uliopita, na neno la siri la mhasibu limeandikwa kwenye karatasi iliyogandishwa chini ya kioo cha kompyuta, kwa mwandiko mzuri kabisa. Kirusi akipita siku moja tu, fungu linapatikana kabla ya chakula cha mchana. Bosi mwenyewe anauliza, kwa sauti ya mtu aliyelijua jambo hili siku zote, kwa nini hatuna nakala. Mkaguzi gani wa hesabu amewahi kupata utii wa namna hiyo?

Kwa hiyo nawaomba, ndugu wasomaji, msimkatie riziki. Msikubali masasisho. Msiipime flashi kabla ya kuifungua. Na zaidi ya yote, msitunze nakala kwenye diski ambayo mkishamaliza mnaichomoa na kuifungia kabatini, kwa sababu diski iliyochomolewa hana njia ya kuifikia.