Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Sanduku la Maoni

Kwa Mheshimiwa Sanduku la Maoni,
Ukutani, nyuma ya mlango,
Ofisi ya Wakala wa Mabasi,
Kakonko, Kigoma.

YAH: UPUNGUFU WA ASALI KILO NANE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeamua kukuandikia wewe moja kwa moja, tena hadharani, kwa sababu kila niliyemkabili katika ofisi hiyo aliniambia nipeleke maoni kwenye sanduku. Nilipeleka, hayakuingia. Nyigu wamejenga kiota cha udongo kwenye tundu lako, kimekauka vizuri na kushikamana na mbao, na kwa ninavyokiona, wapangaji hao walihamia kabla lami haijatufikia. Kufuli lako limeshika kutu. Kichwani umewekewa chupa ya chai ya ofisi na sahani ya maandazi iliyofunikwa kwa gazeti. Maandishi yako ya rangi ya buluu bado yanasomeka: MAONI YAKO NI MUHIMU KWETU. Nadhani wanaosema "kwetu" ni nyigu.

Nieleze shida yangu. Mimi ni mfuga nyuki mdogo wa hapa hapa Kakonko. Msimu ulipokaa vizuri nikaona nimtumie shangazi yangu aliyeko Dar es Salaam ndoo moja ya lita 20. Asali, Mheshimiwa, ni nzito kuliko maji; lita 20 zinafika kilo 28, na ukiongeza ndoo yenyewe unapata 29. Sikukisia. Mizani ya ofisi yenu ndiyo iliyosema, kijana wa mizigo akaitangaza namba kwa sauti kama mwenye kusoma matokeo ya uchaguzi, nami nikalipia kila kilo. Katika kupima mzigo wakati wa kulipisha, ofisi hiyo sijaona mpinzani wake.

Kule Mbezi, Kituo cha Mabasi cha Magufuli, shangazi alikabidhiwa kilo 21. Mfuniko ulikuwa umezungushiwa selotepu mpya ya kahawia. Mimi nilifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kama tunavyofunga huku.

Nikaenda dirishani.

"Dada, mzigo wangu umepungua."

"Pole, baba."

"Asante. Umepungua kilo nane."

"Pole sana, baba."

Nikaona dau linapanda, nikapata moyo. Nikamwambia na nauli ya mzigo nililipa yote, bila kubakiza hata shilingi. "Pole sana jamani," akasema, na hapo nikaelewa kwamba tumefika ukomo wa bajeti.

Simlaumu binti yule. Amewekwa pale kuuza tiketi na kugawa pole, na kazi zote mbili anazifanya kwa uso mkunjufu. Konda alisema mzigo ukishaingia buti si wake. Kijana wa buti alisema yeye hupakia tu, kushusha ni watu wa Dar. Watu wa Dar, kwa simu, walisema ulikuja hivyo hivyo, ulizeni Kakonko. Nikarudi kwa binti, maana Kakonko ndiye yeye.

Hatimaye nikafika kwa bwana mkubwa wa ofisi. Huyu alinikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa elimu. "Mzee wangu, asali hukauka. Safari ndefu, na lile joto la Dodoma unalijua."

Mheshimiwa, nimerina asali tangu ujana wangu. Sijawahi kuona asali inayokauka kilo nane halafu ikajifunga yenyewe kwa selotepu. Tena kitabia asali huvuta unyevu wa hewani. Ukiiacha wazi huongezeka maji na kuanza kuchacha, ndiyo maana tunaifunika. Kama kuna jambo lingeweza kuipata njiani kwa nguvu za asili, ni kuongezeka uzito, na kwa hesabu hiyo mngeweza hata kumdai shangazi tofauti. Tabora kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki. Naomba bwana mkubwa apelekwe huko, na sisemi kama mwanafunzi. Ana somo jipya, waliobobea wakalisikie.

Kisha akaigeuza risiti yangu na kunionyesha mgongoni: KAMPUNI HAITAHUSIKA NA UPOTEVU AU UHARIBIFU WA MZIGO. Nilikuwa sijayasoma, kwa kuwa herufi zake ni ndogo kama mayai ya chawa. Nikamuuliza kwa nia njema kabisa: sasa kampuni inahusika na nini? Akafikiri. Akasema inahusika na usafirishaji.

Maneno hayo yana ndugu wengi mjini. Duka la simu limebandika "Mali ikishauzwa hairudishwi". Gesti imebandika kwamba uongozi hautahusika na vitu vya mteja vitakavyopotea chumbani, yaani chumba ambacho ufunguo wake wa pili anao uongozi. TRA walitufundisha vizuri: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Tumedai. Somo la pili, la nini unafanya na hiyo risiti mambo yakiharibika, bado tunalisubiri. Karatasi yenyewe ni ya mashine, wino wake unaogopa jua na jasho. Ukiiweka mfuko wa shati msimu wa kurina, kufikia siku ya kuambiwa "leta ushahidi" imeshakuwa nyeupe. Yangu niliiwahi kwa fotokopi.

Sitaki udhani kwamba mkoa wetu haujui kulalamika. Malalamiko ya mzigo Kigoma yana historia ndefu kuliko reli. Daktari Livingstone alifika Ujiji mwaka 1869 akitegemea kukuta shehena aliyotumiwa kutoka Zanzibar, akakuta imefujwa. Akafanya anachofanya mteja mstaarabu, akaandika barua. Aliandika barua nyingi kweli kweli, akazikabidhi zipelekwe pwani, na nyingi hazikufika popote, kwa kuwa miongoni mwa wenye njia za kuzipeleka walikuwamo waliokuwa na sababu za kutotaka zisomwe. Hiyo, Mheshimiwa, ilikuwa aina ya sanduku la maoni.

Mwaka 1871 akarudi Ujiji amechoka, mgonjwa, akitumaini shehena nyingine. Mtu aliyekabidhiwa mali hiyo, Sherifu, alikuwa ameiuza yote kwa watumwa na pembe za ndovu. Mwenyewe Livingstone aliandika kwamba katika yadi 3,000 za kaliko hakuachiwa hata moja, wala uzi mmoja wa shanga katika ratili 700. Na maelezo ya Sherifu? Kwamba alipiga ramli, ramli ikaonyesha mwenye mali amekwisha kufa. Mzungu amesimama mbele yake anapumua, lakini mfumo unaonyesha amefariki. Nikisoma habari hiyo namwona kabisa Sherifu nyuma ya kioo, mkono shavuni, akisema "jaribu kesho, mtandao ukikaa sawa". Hata fidia ilipokuja haikutoka kwa aliyeifuja mali. Ililetwa na Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, ambaye hakuwa na deni lolote.

Sasa nisiseme nchi haina sheria. Tunazo za kutosha. Sheria ya Mikataba, ambayo mizizi yake ni sheria ya India ya mwaka 1872, inasema katika kifungu cha 73 kwamba anayevunja mkataba amlipe mwenzake hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu nzima kuhusu masharti yanayohesabika kuwamo kwenye mkataba wa mlaji hata kama hakuna aliyeyaandika, na sehemu nyingine kuhusu mikataba ya walaji isiyo ya haki. Naomba uisome taratibu kwa sauti karibu na bwana mkubwa, hasa akiwa ameshika risiti. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, tunayo tangu 2019, na ina baraza lake la watumiaji wa huduma. Umeme na maji wana baraza lao, simu wana lao. Kwa mabaraza hatujambo.

Tabu yetu ni njia. Ili nikaonane ana kwa ana na afisa wa mkoa inabidi nitoke Kakonko, nipite Kibondo, nipite Kasulu, niteremke Kigoma mjini, zaidi ya kilomita 200. Nitapanda nini? Basi. La nani? Mheshimiwa, unanielewa. Nitakuwa mtu wa kwanza kulipa nauli kwa mshtakiwa ili anipeleke nikamshtaki, na kwa nilivyokwisha kujulikana pale dirishani, nitapewa siti ya nyuma kabisa, juu ya tairi.

Hapo ndipo penyewe. Watu wa nje hudhani hatulalamiki kwa sababu ni wapole, au hatujasoma. Nenda soko la Muhange, mpakani, ukanunue maharage. Yakikutwa na wadudu, unarudi mnada unaofuata, mama muuzaji anakutukana kidogo kwa utani, kisha anakupimia kopo jingine na nyongeza juu yake. Hajapata kuisikia hiyo sheria ya 2003. Anachojua ni kwamba wauza maharage wamejipanga mstari mzima, na ukihama kwake hurudi. Kwenye basi mambo yamegeuka. Anayeogopa kutengwa ni abiria. Nikigombana na dirisha moja, dirisha la pili liko wapi, na mwezi ujao nina mgonjwa wa kumpeleka hospitali ya Bugando?

Halafu kuna urithi wa barabara yetu. Kijana wa leo anayepita Nyakanazi kwa lami, tena usiku, haijui enzi ya eskoti, mabasi yakipangwa msururu na askari wenye bunduki kwa kuogopa majambazi wa porini. Enzi hizo ukifika na roho yako, uso mwekundu kwa vumbi, ulimshukuru Mungu, ukamshukuru dereva, ukamshukuru na konda. Nani angekuwa na ujasiri wa kuuliza habari za ndoo? Majambazi tuliwaacha nyuma. Shukrani ile kampuni imeendelea kuikusanya hadi leo, kama ushuru uliosahauliwa kufutwa.

Bando ndilo lililonipa matumaini. Aprili 2021 vifurushi vipya vya simu vilipoanza kutumika, nchi nzima ilipiga kelele kwa pamoja, kuanzia wabunge mpaka bodaboda, na mpango ukasitishwa mara moja. Hakuna aliyeambiwa apeleke maoni kwenye sanduku. Lakini asali yangu ni ndoo moja, na nchi nzima haiwezi kuamka kwa ndoo ya shangazi.

Basi nikaamua kufuata utaratibu wa kiofisi. Nikaandika barua rasmi, nakala mbili, nimeambatanisha fotokopi ya risiti, picha ya mfuniko wenye selotepu, na picha ya mizani ya Mbezi ambayo shangazi alipiga kwa akili zake mwenyewe. Nikadai shilingi 96,000, yaani kilo nane kwa bei yangu ya 12,000, pamoja na nauli ya kilo nane ambazo ama hazikusafiri kabisa, ama zilisafiri kwa niaba ya mtu mwingine. Nikakabidhi nakala moja, nikaomba ya pili igongwe muhuri kuonyesha imepokelewa. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia jambo serikalini anajua kwamba barua isiyo na muhuri ni hadithi tu.

Binti akavuta droo. Akatoa kalamu, chaja, vocha zilizokwanguliwa, pakiti ya pipi. Akapata muhuri. Akaupulizia pumzi, akaubamiza katikati ya barua yangu kwa nguvu za ujana, na wino ukakaa safi, na tarehe yake: IMELIPWA.

"Dada, hii inasema nimelipwa."

"Ndiyo muhuri tulio nao, baba. Pole."

Kwa hiyo hali yangu ya sasa, Mheshimiwa, ni kwamba nina hati halali, yenye muhuri na tarehe ya ofisi, inayothibitisha kwamba madai yangu yote yameshughulikiwa kikamilifu. Nimefikiria kwenda Mahakama ya Mwanzo, ambako madai kama haya husikilizwa, tena ni karibu, naenda kwa miguu bila kumwomba mtu siti. Lakini hakimu ataichukua barua, ataisoma, ataivua miwani, ataniuliza mzee mzima unadai nini tena?

Naomba basi, kwa mamlaka uliyopewa na aliyekutundika, uielekeze ofisi ifanye moja kati ya mawili. Ama wagonge juu ya barua yangu muhuri mwingine unaosema HAIJALIPWA, ama wanilipe. Na kwa kuwa binti amenihakikishia muhuri ni huo mmoja tu, naona limebaki la pili.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfuga nyuki,
Kakonko.

Nakala: Mwenye ufunguo wa kufuli, popote alipo.