Namna ya Kuchagua Programu ya Kusanifu Kanzidata na Kubaki na Mchoro Mtupu

Hatua ya kwanza, na ndiyo iliyowaokoa wengi na kazi, ni kutoigusa data kabisa. Tafuta jedwali la ulinganisho. Kila kampuni inayouza programu ya kusanifu kanzidata inalo: kushoto sifa ishirini na kitu, juu majina ya washindani, katikati alama za vema za kijani. Mwenye jedwali hujipa vema zote, na washindani huachiwa misalaba myekundu michache ili haki ionekane imetendeka. Lichapishe, ligonge muhuri, liambatanishe na dokezo la kuomba fedha. Umeshalinganisha.

Akitokea mkorofi akakuuliza ile vema ya "husoma kanzidata iliyopo" ina maana gani, badilisha mazungumzo, maana imefunika mambo yasiyofanana hata kidogo. Programu moja husoma majedwali na safu, basi. Nyingine husoma pia funguo, faharasa na maelezo yaliyoandikwa kwenye kila safu. Ya tatu husoma vizuri, lakini mara moja tu: ukirudia mwezi ujao inakuletea mchoro mpya na kuusahau ule uliokaa siku nzima kuupanga. Chache sana huweka mchoro upande mmoja na kanzidata inayotumika upande wa pili, zikakuonyesha tofauti safu kwa safu, kisha zikakuuliza nani amfuate nani. Hizo chache ndizo zenye faida na mara nyingi ndizo ghali. Jedwali linakufanyia hisani kwa kuziweka zote mstari mmoja.

Baada ya hapo chagua kwa sura, yaani mchague fundi wa nyumba kwa penseli iliyo sikioni mwake. Hapa draw.io haina mpinzani: ni ya bure, ina rangi za kila aina, ina masanduku ya kona za mviringo. Kitu ambacho haikifahamu ni kwamba sanduku lako ni jedwali. Andika mteja_id kwenye sanduku moja na id_mteja kwenye jingine, vuta mstari katikati, haitasema neno. Mchoro wa namna hii haukosei kamwe, kwa sababu hakuna mashine itakayoufanyia kazi. Waliozoea Visio wanakumbuka kiolezo kilichoweza kusoma kanzidata na kuichora. Toleo la 2013 likaja bila uwezo huo, na waliokimbilia toleo jipya wakabaki na masanduku mazuri.

Sasa alama. Peter Chen, katika makala yake ya mwaka 1976 iliyoanzisha michoro ya huluki na uhusiano, alichora uhusiano kwa almasi. Almasi hizo zinaishi bado kwenye mitihani ya vyuo. Ofisini wanatumia mguu wa kunguru, yaani mstari unaoishia kwa vidole vitatu upande wa wengi, na hapo ndipo mistari iliyokatikakatika inapofanya kazi yake. Kwa alama za Richard Barker, zilizozoeleka kwa watu wa Oracle, nusu ya mstari ikikatika maana yake upande huo uhusiano si wa lazima. Kwa IDEF1X, iliyofanywa kiwango cha serikali ya Marekani mwaka 1993, mstari uliokatika unasema kitu kingine kabisa: ufunguo wa mzazi haumo ndani ya ufunguo msingi wa mtoto. MySQL Workbench nayo inachora miguu ya kunguru huku ikiufuata mkato kwa maana hii ya pili. Asiye mwangalifu hana haja ya kujua haya. Programu nyingi zina menyu ya kubadilisha alama. Abadilishe, amtumie mwenzake, asiandike maelezo.

Utamu zaidi unakuja mradi ukivuka mpaka. Mwanafunzi wa Lubumbashi au Bujumbura kuna uwezekano mkubwa amefundishwa Merise, mbinu ya Kifaransa ya miaka ya 1970. Wa Nairobi au Dar es Salaam amefundishwa mguu wa kunguru au UML. Tuchukue jambo dogo: mgonjwa anaweza kuwa na vipimo vingi, na kila kipimo ni cha mgonjwa mmoja. Kwa Merise, 0,n huandikwa pembeni ya mgonjwa na 1,1 pembeni ya kipimo. Kwa UML, 0..* hukaa pembeni ya kipimo na 1 pembeni ya mgonjwa. Hesabu ni zile zile, zimehamia ncha nyingine. Waweke wasanifu hawa wawili meza moja, uwape mchoro mmoja usiotaja alama zake ni za wapi: kila mmoja atausoma kinyume cha mwenzake, wote watatia saini, na chai italetwa. PowerDesigner, iliyozaliwa Ufaransa kwa jina la AMC*Designor, inazijua alama za pande zote mbili. Looping, ya bure kutoka Toulouse, inaijua Merise vizuri. Usizitaje kabla ya chai.

Kuhusu nani mwenye mali, usijisumbue. ERwin ilitengenezwa na Logic Works; mwaka 1998 ikachukuliwa na Platinum, mwaka uliofuata ikawa ya Computer Associates, mwaka 2016 ikaenda kwa wawekezaji wa Parallax, na mwaka 2021 ikatua Quest. PowerDesigner ilipita kwa Powersoft na Sybase kabla SAP haijainunua Sybase mwaka 2010. ER/Studio ilikuwa ya Embarcadero, ambayo Idera iliinunua mwaka 2015. Kila mara mteja hubaki pale pale, ila anuani ya kumlalamikia mtu hubadilika. Wewe nunua leseni ya miaka mitatu na uhifadhi mchoro katika umbo ambalo programu hiyo pekee inaweza kulifungua.

Maumbo ya mafaili yana raha zake. Oracle SQL Developer Data Modeler hupakuliwa bure. Ukihifadhi usanifu kwa jina la hospitali, inakuundia faili dogo, hospitali.dmd, na pembeni yake folda yenye jina hilo hilo. Majedwali yako yote yamo kwenye folda, yamegawanywa katika mafaili ya XML. Asiye mwangalifu huliona lile faili, hulipenda kwa wepesi wake, na kulituma WhatsApp saa kumi na moja jioni ya Ijumaa kabla hajazima simu. Aliyepokea amepokea bahasha. Barua imebaki ofisini. Faili la MySQL Workbench, lile la .mwb, halina tatizo hilo kwa kuwa kila kitu kimefungwa ndani kama zipu. Lina lake: wawili wakilibadilisha siku moja, Git haiwezi kusema nani aligusa nini, na atakayehifadhi wa mwisho ndiye msanifu.

Upande wa pili ipo dbdiagram.io, ambayo hukufanya uandike usanifu kwa maandishi, kwa lugha iitwayo DBML, na mchoro hujichora wenyewe pembeni. Maandishi yanalinganishwa mstari kwa mstari, na aliyefuta safu usiku anaonekana asubuhi. Kwa timu ndogo naipenda njia hii kuliko zote, na kwa sababu hiyo hiyo haifai kwenye mwongozo huu: mkurugenzi akija atakukuta unaandika, huchori.

Tufike kwenye aina za data, mahali ambapo programu zote zinalingana kwa ukimya. Tuseme unasanifu mfumo wa Tanzania unaohitaji namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha Taifa. Namba hiyo ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa, kuanzia mwaka. Unafungua orodha ya aina, na mkono unaenda wenyewe kwenye BIGINT, maana namba ni namba. BIGINT ya kawaida inaishia tarakimu 19. Hapo mjanja hutia vema kwenye kisanduku cha UN, ambacho Workbench imekiweka karibu na jina la safu, ili aondoe upande wa hasi, na ukomo unapanda hadi 18,446,744,073,709,551,615. Zihesabu: tarakimu 20. Zimetosha! Lakini tazama zinavyoanza: 1844. Mfumo wako utamsajili bila shida raia yeyote aliyezaliwa mwaka 1844 au kabla, na kuwakataa wajukuu na vitukuu wake wote. Na ikiwa kuna aliyezima ukali wa MySQL ili mambo yaende haraka, hautamkataa mtu. Utampa kila mmoja namba ile ile ya ukomo, hadi afike wa pili kwenye safu isiyoruhusu kurudia.

Dawa ni CHAR(20), neno la herufi nne na mabano. Mchoro hautakupa onyo lolote, uwe umelipia maelfu ya dola au umeupata bure, kwa kuwa hakuna msanifu wa Toulouse wala Texas aliyewahi kusimama kwenye foleni ya kitambulisho cha Taifa. Namba ya simu nayo ukiiweka kwenye INT itapoteza sifuri yake ya mbele. Hiyo iache, inatosha kuwa na malalamiko ya aina moja kwa mwaka.

Usanifu ukikamilika, bonyeza kitufe cha kuzalisha SQL na utie vema kila kilipo kisanduku. Workbench ina kimoja cha kufuta kila kitu kabla ya kukiunda upya na kingine cha kufuta skima nzima. Majina yake yameandikwa kwa herufi za kawaida, bila rangi nyekundu. Usiisome SQL iliyotoka. Ungeisoma ungegundua mengine: kwamba MySQL kabla ya toleo 8.0.16 la mwaka 2019 ilikuwa inayasoma masharti ya CHECK, inayaitikia, na kuyatupa. Kwamba majedwali ya MyISAM huufanyia ufunguo wa kigeni vivyo hivyo. Kwamba InnoDB huunda faharasa ya ufunguo wa kigeni yenyewe ila PostgreSQL haiundi, kwa hiyo ule uamuzi wa kubadili kanzidata kwa menyu moja utaonekana siku utakapofuta mteja mmoja na seva ikapitia malipo yote tangu kampuni ianzishwe. Programu inayokuongezea faharasa hizo, au hata kukuuliza, inazizidi vema nyingi za kijani. Hiyo haimo kwenye jedwali la ulinganisho.

Kisha badilisha jina la safu. Jina tu: simu iwe simu_ya_mkononi. Programu isiyokumbuka jina la zamani huona safu moja imepotea na nyingine imezaliwa, ikakuandikia amri ya kuifuta ya kwanza na kuiongeza ya pili, tupu. Amri mbili safi, hazina kosa la kisarufi. Nikibanwa niseme nachagua programu kwa kipimo gani, ni hiki. Workbench, kwa jina ulilolibadilisha ndani ya faili lake lenyewe, hujitahidi. Wanaotumia PostgreSQL peke yake waitazame pgModeler. Msimbo wake ni huria, ingawa iliyokwisha kujengwa inauzwa na anayetaka bure atajijengea au ategemee Linux yake iwe nayo. Benki yenye aina tano za kanzidata haina ujanja, italipia zile kubwa.

Siku ya maonyesho, muuzaji atakuja na kanzidata ya mfano: majedwali kumi na mawili, wateja, oda, bidhaa, kila mstari mahali pake. Usithubutu kumpa ya kwenu. Ya kwenu ina majedwali mia tatu, haina ufunguo wa kigeni hata mmoja, na ndani yake kuna wagonjwa, wagonjwa_mpya na wagonjwa_mpya_final2. Programu itaisoma na kumwaga masanduku mia tatu bila mstari. Muuzaji, akiwa na moja ya zile kubwa, atawasha uwezo wa kukisia uhusiano kwa majina ya safu. Kwa kuwa nusu ya majedwali yenu yana safu iitwayo code, stoo ya dawa itaolewa na mishahara, na mishahara na chumba cha maiti. Ataomba maji ya kunywa. Katika nusu saa hiyo ungejua yote: ipi inapanga majedwali kwa mafungu, ipi inaganda, ipi inakuruhusu kuvuta uhusiano kwa mkono bila kuigusa kanzidata. Ndiyo maana idara ya manunuzi, kwa busara, hupanga jaribio hilo lifanyike baada ya malipo.