Ramu Imekufa, Kaka

Fundi wa mtaani kwetu ana dawa moja kwa kila ugonjwa: kupiga windo upya. Kapiga, kaondoka na elfu ishirini yangu, kompyuta ikabaki na kioo cheusi kama sufuria ya mama ntilie, ikilalamika haioni diski ya kuwakia. Nikampigia simu. “Hiyo ramu, kaka. Imekufa.”

Kumbe diski aliipanga kwa MBR, mtindo wa mwaka 1983, na mashine yenyewe imewekwa iwake kwa UEFI, ambako windo hutaka mtindo wa GPT. Kufuli la huku, ufunguo wa kule. Nimeingia kwenye mipangilio, nikabadili mstari mmoja iwake kwa njia ya zamani, ikawaka. Ramu marehemu bado inachapa kazi.

Fundi naye kanitumia ujumbe: mpya anayo, elfu arobaini tu.