Waliobuni Modo Hawakuwa Walutheri

Waliobuni suruali ya modo hawakuwa Walutheri. Wangekuwa wa kwetu, wangejua kwamba katika ibada moja mtu husimama, huketi, husimama tena, hupanga foleni kupeleka sadaka, na siku ya Chakula cha Bwana hupiga magoti madhabahuni mbele ya usharika mzima. Modo imeshonwa kwa ajili ya kusimama wima na kupigwa picha. Magoti haiyajui.

Mdogo wangu wa kiume analijua hilo vizuri. Jumapili moja alitinga modo nyeusi ya mtumba kutoka soko la Karume, imembana hadi simu ikakosa kuingia mfukoni, nikambebea kwenye mkoba. Alipopiga goti tu kuupokea mkate, ikasikika sauti ya kitambaa kikiachana, ndefu, isiyo na haraka. Kinanda kilikuwa kimenyamaza. Mzee wa kanisa aliyekuwa jirani akafumba macho, nadhani aliomba. Kijana alirudi kwenye benchi kinyumenyume, na wengi wakadhani ni unyenyekevu.

Kilichomwokoa ni mnada. Kwetu ibada ikiisha tunatoka nje kunadi vilivyotolewa badala ya fedha: mayai, miwa, jogoo, mkungu wa ndizi. Bwana mdogo, ambaye hajawahi kununua hata yai, alitaja bei ya juu kabla mnadishaji hajamaliza kukohoa, akaupokea mkungu, akaubeba kwa nyuma hadi kituo cha daladala. Siku hizi mtunza hazina humsalimia kwa jina.

Sisi mabinti nasi tuna majaribu yetu. Mlangoni husimama mama mmoja mwenye rundo la khanga mkononi, na jicho lake hupima sketi vizuri kuliko futi ya fundi cherehani.

"Shikamoo mama," nikasema, huku mkono mmoja ukivuta sketi chini.

"Marahaba mwanangu. Jifunge hii."

Nikajifunga. Maneno ya khanga, kama mjuavyo, husomwa na aliye nyuma yako, na ya khanga ile yalikuwa yanamwonya mke mwenza akome. Mimi hata mchumba sina. Nilipopita kupeleka sadaka, onyo lilisomwa benchi kwa benchi, na akina mama wakaanza kutazamana, kila mmoja akimtafuta mhusika. Wiki iliyofuata mama yangu aliulizwa sokoni kwa nini harusi ilifanyika kimyakimya.

Haukupita muda tukaitiwa semina ya vijana. Mzee mmoja alitusomea 1 Timotheo 2:9, habari ya mavazi ya adabu. Mstari ule unawasema wanawake, lakini muda wote mzee alikuwa anaitazama miguu ya mdogo wangu. Kisha akatuambia kwamba enzi zao vijana walijiheshimu.

Enzi zipi hizo? Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 minisketi, wigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua vikapigwa vita Dar es Salaam. Hakuna anayepiga vita kisichovaliwa. Kwa hiyo modo ilikuwapo kabla yetu, na ilishatafutwa mitaani kabla mdogo wangu hajazaliwa. Katika miaka ya 1970 suruali zikapanuka chini, likaja bugaluu, likaja na viatu vya raizoni vya kumrefusha mtu bila idhini ya wazazi.

Binti wa mzee yule ni rafiki yangu, na albamu ya nyumbani kwao haina kufuli. Mzee yumo: bugaluu linafagia sakafu, raizoni zimemwinua, nywele za afro zimejaa hadi zimemziba aliyesimama nyuma. Pembeni ni mlango wa kanisa letu hili hili. Nimtendee haki, hata hivyo: kwa bugaluu lile angepiga magoti bila kelele.

Basi kijana mwenzangu, ukienda Karume usiishie kwenye kioo. Chuchumaa, inua mikono, piga goti pale pale mbele ya muuzaji. Akishangaa, mwambie Jumapili kuna Chakula cha Bwana. Mama wa mlangoni, tafadhali soma khanga kabla ya kuigawa. Na ninyi wazee wetu, semina ijayo njooni na albamu.