Dhana Njema ya Draiva

Si insafu kumlaumu mwandishi wa draiva za Linux ambaye, akiletewa anwani ya kumbukumbu na programu ya mtumiaji, huisadiki papo hapo na kuisoma pasi na kupitia copy_from_user, kwani kumdhania mtu mema ni katika adabu. Hao wanaoshikilia ihakikishwe kwanza kwamba anwani ile ni ya mtumiaji, wala si ya kerneli yenyewe, ni watu wa shaka, mfano wa karani wa hazina anayethubutu kumwuliza mwenye hundi kama ana akiba. Kweli, mwaka 2017, katika toleo la 4.13, mwito wa waitid uliachwa bila ya uhakiki huo, na mtumiaji asiye na cheo akaweza kuandika ndani ya kumbukumbu ya kerneli. Lakini ni dola ngapi zilizowahi kuwakirimu raia zao kiasi hicho? Intel, kwa husuda, walikwisha kutia ndani ya prosesa zao kizuizi cha SMAP, kinachoikatiza kerneli inapougusa ukurasa wa mtumiaji bila ya idhini. Waungwana hawakutaharuki: wako wanaoiomba idhini kama ipasavyo, kisha wakausoma urefu wa data mara ya kwanza kwa kuukagua na mara ya pili kwa kuutumia, ili mtumiaji apate, baina ya mara hizo mbili, fursa ya kubadili nia.