Yah: Pongezi kwa Kuudhibiti Ubunifu

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Utafiti, Maendeleo na Ubunifu,
Shirika Letu la Maji.

Waheshimiwa,

Tafadhalini husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa mabomba, zamu ya usiku, mwaka wa 19 kazini. Nawaandikia hadharani kwa kuwa njia ya siri nimeshaijaribu. Barua yangu ya kwanza niliitumbukiza kwenye Sanduku la Maoni pale mapokezi, lile la bluu lililoandikwa "Wazo Lako ni Mtaji Wetu". Miezi minane baadaye nikauliza lilifunguliwa lini mara ya mwisho. Dada wa mapokezi akanieleza kwa upole kwamba ufunguo ulipotea siku ileile ya uzinduzi, mara tu mgeni rasmi alipokwisha kufunga kufuli mbele ya kamera. Nikaridhika. Mtaji sharti ulindwe.

Naanza na pongezi. Wapo wenye husuda wanaosema Kamati haijafanya lolote tangu iundwe. Ni uzushi. Mimi peke yangu nina fulana tatu, kofia na mwavuli. Mlikaa Bagamoyo siku nne kujadili maana ya neno ubunifu, mkaafikiana kwa kauli moja kwamba inahitajika warsha ya pili. Chumba kilichokuwa stoo ya vipuri sasa ni Kitovu cha Ubunifu: kina zulia, viti vya kubonyea, kabati la kioo, na ubao mweupe ambao hadi leo umeandikwa "Karibu Mgeni Rasmi". Vipuri viko chini ya mwembe, vinapigwa na mvua kwa ajili ya maendeleo.

Mwaka 2006, mjini Khartoum, Umoja wa Afrika uliazimia kwamba kila nchi ielekeze asilimia 1 ya pato lake kwenye utafiti na maendeleo. Nchi nyingi mpaka sasa zinahangaika. Sisi hatuhangaiki. Kasma yetu ya utafiti hutumika yote kabla ya tarehe 30 Juni, senti hairudi Hazina. Niliwahi kuona mchanganuo wake: ukumbi, viburudisho, posho za kujikimu, mafuta ya magari, kalenda na shajara. Neno utafiti lilitajwa mara moja tu, kwenye kichwa cha jedwali.

Sasa nondo.

Ninyi mnajua kwamba sehemu kubwa ya maji tunayoyasukuma hupotelea ardhini kabla hayajaifikia mita ya mtu. Bomba kubwa likipasuka halina siri: barabara inakuwa mto, watoto wanaoga, redio inapiga simu kutaka maelezo. Mwizi wetu ni kile kitobo kidogo, kinachokaa chini miaka mitatu bila kulowesha hata nyasi. Wazee waliotufundisha kazi walikuwa wakikikamata kwa sikio. Unatoka saa nane usiku, mji umelala, koki zimefungwa na presha imepanda. Unasimamisha nondo juu ya valvu, ncha ya pili unaiweka sikioni, unabana pumzi. Bomba zima hukaa kimya. Lililotoboka hutoa sauti kama ya kitunguu kikitumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Ufundi huo ulianza kufa tulipohamia mabomba ya plastiki, kwa sababu plastiki inaimeza sauti wakati chuma kinaisafirisha.

Mwenzangu wa zamu (simtaji, ana watoto wanaosoma) hakukubali ufe. Alichomoa maiki ya simu mbovu, akaifunga kwenye nondo kwa kipande cha tairi, akaiunga na amplifaya ya redio ya zamani na hedifoni za mwanawe. Usiku wa kwanza alisikia mapigo ya moyo wake mwenyewe. Wa pili alisikia lori lililokuwa mtaa wa pili. Usiku wa saba plastiki ikasema. Ndani ya wiki tatu tulichimba sehemu 11. Nane zilikuwa zinavuja; tatu hazikuwa na kitu isipokuwa matusi ya wenye nyumba. Akaandika kuomba Sh 380,000 atengeneze nyingine nne, na miezi mitatu ya kuzijaribu.

Hapo ndipo nilipoutambua ukomavu wa Kamati.

Dokezo sabili lake lilitoka kwa msimamizi likaenda kwa mkuu wa kitengo, likaenda kwa meneja, likaingia masjala, likatoka masjala, kila mkono ukiandika "kwa hatua zako" na kulisukuma mbele, mpaka likamrudia msimamizi aliyeanza nalo. Naye, mtu mwaminifu, akaandika "kwa hatua zako" akalipandisha tena. Safari ya pili likatua kwa watu wa ununuzi. Wakataka nukuu tatu za bei kutoka kwa wazabuni watatu waliowahi kuuza kifaa hicho. Mwenzangu akajibu kwamba hakuna aliyewahi kukiuza, ndiyo kwanza amekibuni. Wakamwandikia kwamba wazo ni zuri sana, ila alete ushahidi kuwa limeshatumika katika shirika jingine kwa muda usiopungua miaka mitano. Sharti hilo nimelisoma mara nyingi, na kila nikilisoma naona uzuri mpya. Posa inapokelewa, ili mradi bibi harusi awe ameshazaa.

Kisha akaja mkaguzi wa ndani. Mashimo matatu yasiyo na mvujo yakawa hoja ya ukaguzi: upotevu wa nguvukazi. Yale manane hayakuandikwa popote, maana fomu haina safu ya kitu kilichofaulu bila kuwemo kwenye mpango kazi. Sikulaumu fomu. Lakini naomba niseme hili bila mzaha: mawili kati ya mashimo hayo matupu yalikuwa jirani na transfoma, na hapo ndipo tulipojifunza kwamba mngurumo wa umeme unaigiza sauti ya mvujo. Tangu siku ile hatukuchimba tena karibu na transfoma kabla ya kusikiliza mara mbili, mbali na karibu. Elimu hiyo haiuzwi Bagamoyo. Ilitugharimu sururu, jasho na matusi ya jirani, ninyi mkaisajili kuwa hasara.

Kwa mizani hiyo, nashukuru Mungu kwamba M-Pesa haikuzaliwa mikononi mwenu. Majaribio yake kule Kenya yalilenga kuwasaidia wakopaji wadogo kurejesha mikopo kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana fedha, wasimamizi wakaona, wakaifuata njia ya watumiaji, na mwaka 2007 huduma ikazinduliwa kwa kazi hiyo. Kwetu ingekuwa hoja nyingine ya ukaguzi: mradi umetumika kinyume na andiko. Wahusika wajieleze ndani ya siku saba.

Wala msijione wapweke. Mwaka 1963, Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa inagombaniwa, akatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingizwa bila kuchemshwa. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaendelea kuuliza hata alipofika Mkwawa, Iringa, na darasa likapata jina la kumtania kila alipokosea hesabu. Baadaye alikuja mgeni shuleni hapo, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza tena swali lake la maziwa, wenzake wakacheka tena.

Tazameni sasa jinsi mhadhiri huyo alivyokosa utaratibu. Hakuunda kikosi kazi. Hakuomba nukuu tatu za bei ya maji ya moto. Alirudi kwenye maabara yake, akaagiza fundi ajaribu. Tu! Mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja, mwanafunzi na mhadhiri, na hadi leo wanafizikia wa dunia wanabishana kuhusu kitu kinachoitwa kwa jina la kijana wa Tanzania. Osborne angekuwa mjumbe wenu, aiskrimu ile ingepelekwa ziara ya mafunzo Italia, irudi imeyeyuka, na ripoti yake ingepokelewa kwa makofi.

Kodak pia mmewashinda. Mwaka 1975 mhandisi wao, Steven Sasson, aliunda kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo tatu na ushee, na picha moja iliichukua sekunde 23 kuihifadhi kwenye kaseti. Wakubwa waliokuwa wakila kwa filamu hawakuichangamkia, na Januari 2012 kampuni ikaomba kinga ya mufilisi. Lakini Kodak walifanya uzembe mmoja ambao ninyi hamkuufanya: walimwacha aitengeneze kwanza.

Nirudi kwenye nondo yetu, kwa sababu mwishowe mliipokea. Ilipokaribia Nanenane mlikosa kitu cha kuweka kwenye banda. Dereva akaja usiku na barua, akaichukua nondo. Ikapigwa rangi ya fedha, ikawekwa juu ya kitambaa chekundu, pembeni yake picha ya Mwenyekiti akiwa ameishika kinyume, ncha ya maiki ikielekea sikioni. Mlipewa cheti. Baada ya maonesho ikafungiwa kwenye kabati la kioo la Kitovu cha Ubunifu, na ufunguo anao Katibu. Mwenzangu ameomba uhamisho kwenda kitengo cha bili. Anasema kule hata makosa yana fomu yake.

Waheshimiwa, siombi Kamati ivunjwe. Mwavuli wenu umenifaa sana masika haya. Naomba mpunguze kalenda za mwakani, itoke ile Sh 380,000. Naomba ateuliwe mtu mmoja, mwenye jina na meza, mwenye mamlaka ya kusema ndiyo au hapana ndani ya wiki mbili. Hata hapana tutaishukuru, kwa sababu dokezo lile bado linatembea na hakuna aliyewahi kulijibu.

Na kama hayo ni mazito mno, basi Katibu atufungulie kabati kwa usiku mmoja, tuiazime nondo. Kuna bomba linalovuja chini ya Kitovu cha Ubunifu. Zulia limelowa upande wa dirishani tangu Jumatatu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Fundi, zamu ya usiku.